Shemeji Limbu na Mtandao wa Juu ya Mti

Mwezi wa sita, asubuhi, baridi ya Ipole inauma mpaka kwenye kucha. Nilikuwa nimesimama chini ya mninga na ndoo tupu mkononi. Mzee Mhoja alikuwa upande wa pili ameshika ncha ya kamba, na shemeji yangu Limbu alikuwa juu, ndiye tuliyekuwa tunamngoja atushushie asali. Mzinga mmoja, kwa mpandaji kama yeye, ni kazi ya muda wa mtu kuvuta sigara moja na nusu. Mzee Mhoja alikuwa ameshamaliza ya nne.

"Limbu!" aliita. "Mzinga una nini?"

Kimya.

"Au umeoa huko juu?"

Kimya. Moshi wa kienge, kile kifungu cha magome makavu tunachofukizia nyuki, ulikuwa umebaki uzi mwembamba. Kisha tukasikia sauti ya Limbu, kali, ya mtu anayetoa amri.

"Rudini nyuma! Wanakuja kushoto! Kushoto, nimesema!"

Msituni kelele ya namna hiyo huulizi maana yake. Ama nyuki wamechachamaa, ama kuna mnyama. Mzee Mhoja, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, alitupa kamba akakimbilia kulia. Mimi nilitupa ndoo nikaangukia kwenye kichaka cha miiba. Tukalala hapo, kila mmoja kwenye nyasi zake, tukisubiri.

"Simba Mweusi, funga lango!" Limbu alipiga kelele tena. "Usimwache hata mmoja!"

Mzee Mhoja aliinua kichwa. "Amesema simba?"

"Mweusi, mzee."

"Mimi nimezaliwa katika msitu huu. Simba mweusi sijamwona wala sijamsikia."

Nilianza kung'oa miiba kwenye kiganja. Nilikuwa najua, tena nilijua tangu mwezi wa tatu, na nilikuwa nimechoka kujua peke yangu.

"Mzee," nikasema, "ni simu. Anacheza gemu."

Mzee Mhoja alisimama, akajikung'uta magotini, akatazama juu kwa muda mrefu. Halafu akasema neno la Kinyamwezi ambalo sitaliandika.

*

Limbu amemwoa dada yangu Recheli, na ni mpandaji wa kikundi chetu cha wafuga nyuki. Sisi ni watu kumi na wanane, na wanaoweza kupanda miti mirefu kwa uhakika ni watatu. Limbu ndiye bora wao. Marehemu baba yake alikuwa mpandaji pia, akamwachia mizinga sitini na miwili ya magome na kamba ndefu ya nyuzi za gome la mti wa muyombo aliyoisuka mwenyewe, imekuwa nyeusi kwa moshi na jasho. Kambini kwetu kamba ndiyo mpandaji. Kikundi kikichukua kamba yako, kimekutoa, na miti ambayo wazee wako walitundika mizinga inagawiwa wengine. Tangu nimekuwa mtu mzima nimeona wawili wakichukuliwa kamba, na hakuna aliyerudishiwa.

Ni mtu wa maneno machache. Dada yangu aliwahi kumhesabia siku nzima akapata maneno tisa, na mawili kati ya hayo alikuwa anamwambia mbuzi. Mimi mwenyewe si msemaji, tukikaa pamoja watu wanadhani tumegombana. Ndiyo maana tulipatana.

Simu ilikuja Januari. Mnunuzi wa asali alitaka picha za mizinga kabla ya mavuno, hivyo kikundi kikakubaliana kila mpandaji awe na simu ya kupangusa. Limbu alinunua yake Sikonge mjini, na aliyemuuzia akamwekea gemu ndani bila kuombwa, kama muuza nyanya anavyokuongezea moja juu. Ni gemu la vita. Kuna ngome, kuna majeshi, na watu wa mahali popote wanacheza kundi moja huku wanasikiana sauti zilizogeuzwa na gemu. Kundi la Limbu lilikuwa na watu kumi na mmoja ambao hajawahi kuwaona. Walimwita Jemedari.

Jemedari! Mtu wa maneno tisa.

Msitu wetu hauna mtandao. Lakini Limbu alipopanda kupiga zile picha aligundua kwamba kwenye miti yake mitatu ya mwinuko, ukishapita panda ya pili, mtandao unajaa. Basi akaanza kukagua mizinga. Kila siku anakagua. Anaamka, anachukua kamba, anaaga: "Nakwenda kukagua." Wengine tunakagua mara moja kwa mwezi, na hata hiyo tunasukumana. Mwezi wa nne mwenyekiti wetu, Mama Veneranda, alisimama mkutanoni akasema, "Mngekuwa wote kama Limbu, kikundi hiki kingekuwa mbali." Watu wakampigia makofi. Limbu alitazama chini. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kwa sababu nilikuwa nimemfuma. Siku moja alisahau kibuyu cha maji nikamfuata nacho, nikamkuta amekaa kwenye tawi, miguu inaning'inia, nyaya masikioni, kienge kinafuka pembeni ili nyuki wamwache kwa amani.

"Shemeji, shuka," nilimwambia.

"Nikitoka sasa wanauawa kumi na mmoja."

"Nani?"

"Watu wangu."

"Wanauawa wapi?"

"Humu."

"Wakishauawa?"

"Wanaanza upya."

"Basi waanze upya. Shuka."

"Huelewi, shemeji."

Sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa vizuri. Ninachoelewa ni nyuki. Nyuki ukiwakalia mlangoni kila siku na moshi na makelele, hawabishani na wewe, wanahama. Kufikia mwezi wa tano mizinga kumi na mmoja katika miti ile mitatu ilikuwa mitupu, ukabaki ule wa mninga tu. Kikundi kikasema ni nyegere. Tukazungushia mashina mabati. Kikasema ni dawa za wakulima wa tumbaku. Barua ya malalamiko kwenda kwa jirani zetu iliandikwa nusu. Na mimi nilikaa humo humo mkutanoni, nikijua, nikashindwa kufungua mdomo kwa sababu yule ni mume wa dada yangu na kwa sababu mdomo wangu hufunguka kwa shida hata siku za kawaida. Kila nikikumbuka najichukia kidogo.

*

Baada ya asubuhi ile ya mninga hapakuwa na cha kuficha. Mzee Mhoja alilisimulia jambo hilo kijiji kizima, na kila aliposimulia simba aliongezeka ukubwa.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba tulikutana kwenye ghala la kikundi, tumekalia ndoo zilizopinduliwa. Mama Veneranda hana sauti kubwa. Anamtazama mtu mpaka mtu aanze kusema mwenyewe.

"Limbu."

"Naam, Mama Mwenyekiti."

"Mizinga kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Nilikusifu mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Nilisema wote wawe kama wewe. Wangenisikiliza, leo tungekuwa hatuna nyuki hata mmoja wilaya nzima."

Watu walicheka. Limbu hakucheka. Alikuwa ameiweka kamba ya baba yake mapajani, akiizungusha zungusha.

"Jemedari," mzee Mhoja akadakia, "jeshi lako si litusaidie kuwarudisha nyuki? Waje na yule simba."

"Mzee Mhoja, ngoja," alisema Mama Veneranda. "Limbu, kamba inabaki kwako mpaka mavuno ya mwezi wa kumi na mbili. Simu kaa nayo nyumbani, sikuzuii, mimi si mama yako. Lakini siku nitakaposikia umepanda mti una simu, nitakuja kuichukua kamba hiyo mwenyewe, na miti ya marehemu baba yako itagawiwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Anton ni shahidi."

Anton ni mimi. Sijui kwa nini watu wasiopenda kusema ndio wanaofanywa mashahidi.

Siku ile ile Limbu alilifuta gemu mbele yangu na mbele ya dada. Tukafurahi. Baada ya siku nne alikuwa amelirudisha. Akalifuta. Akalirudisha. Kulirudisha kulimtaka atembee mpaka kilima cha shule ambako mtandao ni mzuri kuliko huu wa kusuasua wa kijijini, naye anarudi amejaa vumbi, anasema alikuwa anatafuta mbuzi. Mbuzi walikuwa zizini, wanamtazama.

Kisha dada akatoa wazo kwamba simu niitunze mimi. Lilikuwa wazo baya na nililijua hivyo tangu mwanzo. Limbu ni mkubwa kwangu, ni shemeji yangu, nitamnyimaje kitu chake? Siku ya kwanza alikuja akasema, "Nipe niangalie saa." Nikampa. Alikaa uani kwangu akiangalia saa mpaka kuku wakaingia bandani. Siku ya pili alikuja kuangalia kama mama yake wa Bukene ametuma ujumbe. Mama yake wa Bukene hajui kusoma.

Dada alinijia juu. "Anton, wewe ni mlinzi wa namna gani?"

"Dada, ananiomba kwa heshima."

"Hata mwizi wa heshima ni mwizi!" Akaendelea kwa Kinyamwezi, kama afanyavyo hasira ikizidi, na sehemu kubwa ilikuwa juu yangu kuliko juu ya mumewe.

Limbu alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Alimwambia mkewe taratibu, "Mama Flavia, mwache. Kosa si la Anton. Nitatafuta njia yangu."

*

Njia yake ilikuwa hii. Mapema mwezi wa tisa alichonga mzinga mpya wa gome, akaenda bondeni ambako hakuna mtandao hata ukipanda mpaka jani la mwisho, akautundika kwenye mti wa mtundu. Halafu akaifunga simu kwenye mifuko miwili ya nailoni, akaisukuma ndani ya mzinga ule, akaufunga kwa mfuniko, akaja kuniambia. Alionekana amepumzika.

"Nikiitaka lazima nitembee saa moja na nusu, nipande, nifungue, nishuke, nirudi," alisema. "Njiani nitakuwa nimepata akili."

Nilimwambia ni vizuri. Kwa kweli nilifurahi kwamba haiko kwangu.

Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi, jua la saa saba mchana, dada alinipigia. "Njoo umwone shemeji yako." Hakuongeza neno, na hakukata simu vizuri, nikawa nasikia anacheka au analia.

Limbu alikuwa amekaa kwenye kigoda. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa. Midomo ilikuwa kama maandazi mawili yamewekwa moja juu ya jingine. Mikono ilikuwa imejaa mpaka vidole havikunjiki. Mtu huyu hajaumwa na nyuki namna hiyo tangu akiwa na miaka kumi.

"Uliingia kwenye mzinga wa nani?" nilimuuliza.

"Wangu." Alisema kwa shida. "Ule wa simu."

"Si ulikuwa mtupu?"

"Ulikuwa."

"Ulikwenda na moshi?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa amekwenda bila moshi ili mtu asiuone ukipanda angani na kumjua. Alikwenda mchana kweupe, bila moshi, kifua wazi, akatia mkono ndani ya mzinga mpaka kwapani.

Kitu kikanijia. "Shemeji. Ulipoutundika ule mzinga, ulipaka nta?"

Aliinamia mikono yake.

"Nakuuliza. Ulipaka nta ndani?"

"Mkono ulipaka wenyewe," alisema.

Sisi tukitundika mzinga tunapaka nta ndani ili nyuki wanusie, waje kuhamia. Limbu ametundika mizinga kwa miaka thelathini. Alikuwa anachimba kaburi la simu yake, na huku mkono wake unawaandalia nyuki nyumba. Kundi zima lilikuwa limehamia.

Dada alicheka mpaka akakaa chini, na tangu Januari sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akainuka akaenda kumtafutia maji ya chumvi, bado anacheka, bado amekasirika.

*

Uvimbe uliposhuka Limbu alinitaka tufuatane naye kuitoa simu. Safari hii kwa moshi, kwa kamba, kwa utaratibu. Jumamosi kundi lake lilikuwa na vita kubwa, vita ya mwisho, alisema, wanapambana na watu walioshinda mara tatu. Baada ya hapo anaacha. Nilimwambia maneno ya "baada ya hapo" nimeyasikia tangu mwezi wa sita.

"Ukiwa nayo ukashuka nayo, utakuwa umekuwa juu ya mti na simu," nilisema. "Na mimi ni shahidi."

"Basi fumba macho, shemeji."

Nilikwenda. Sijui kwa nini huwa nakwenda.

Alipanda. Nilimwona anafukiza moshi, anaondoa mfuniko, anainama. Halafu akatulia. Nilikaa kwenye mzizi. Nikasimama. Nikahesabu matawi ya mtundu ule, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Moyoni nilikuwa namtukana kwa utaratibu, kuanzia ukoo wake.

Alishuka mikono mitupu.

"Iko wapi?"

"Wamejenga," alisema.

"Najua wamejenga. Simu iko wapi?"

"Wameanzia kwenye simu. Masega matatu yameshuka toka dari mpaka juu yake, wameigandisha kwenye ukingo wa mzinga. Nikiivuta yanakatika yote, na malkia hajatulia. Watahama."

"Kundi dogo?"

"Kubwa." Alifuta uso kwa kiwiko. "La kwanza kurudi kwangu."

Alikunja kamba, akaitia begani. Alitazama juu, akanitazama mimi, akatazama juu tena. "Shemeji, twende. Twende sasa hivi."

Tulikwenda. Njiani alisimama mara mbili. Mara ya tatu aligeuka kabisa akaanza kurudi kwa hatua ndefu, bila neno. Nilimshika shati mgongoni. Sijawahi kumshika mtu mkubwa shati. Lilichanika kidogo begani.

"Niache, Anton."

"Siachi."

Tulisimama hivyo, wanaume wawili wenye mvi, mmoja ameshikwa shati. Kisha akapumua, akageuka, tukaendelea.

Mtu asikudanganye kwamba mambo yaliishia hapo. Wiki zile zilikuwa mbaya kuliko za simu. Limbu aligombana na mbuzi. Alipasua kuni za mwaka mzima kwa siku tatu. Alikuja kwangu kuomba simu yangu, ambayo ni kitochi cha vitufe tu, nikampa nikidhani haina madhara. Nikamkuta nyuma ya nyumba anacheza lile gemu la nyoka anayekula vidoti. Amekunja uso, ametoa ulimi pembeni.

"Shemeji! Hata nyoka?"

"Amefika mia nne," alisema.

Nilichukua kitochi nikatoa betri nikaitia mfukoni. Kesho yake alipokuja kuomba nilimwambia hapana. Neno lenyewe lilitoka dogo, lakini lilitoka, naye akaondoka bila kununa. Tangu hapo nilimpa simu mara moja tu.

Siku hiyo alisema, "Nataka kuwaaga. Niliwaacha vitani bila neno. Mtu haachi watu chini ya mti akaondoka." Namba ya yule Simba Mweusi, msaidizi wake, alikuwa ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Nilipiga mimi nikaweka sauti kubwa.

Ikapokewa na mwanamke.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Limbu alinitazama. "Natafuta Simba Mweusi."

Upande wa pili kitu kikawekwa chini. Halafu: "Jemedari?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Sauti yako simuni ni ya kibaba hivyo? Mimi nilijua wewe kijana wa Dar! Uko wapi?"

"Ipole. Sikonge."

"Ipole!" Mwanamke aliangua kicheko. "Mimi niko Urambo, baba, hapa napanga majani ya tumbaku! Naitwa Mama Zabibu. Tulikutangaza umekufa."

"Sijafa. Ila sirudi tena. Simu yangu..." Limbu alifikiri. "Ina nyuki."

"Ina nini?"

"Sirudi, mama. Ndiyo nimekuja kuaga."

Mama Zabibu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefunga mlango kwanza: "Unajua, na mimi nilitaka kutoka tangu mwezi wa saba. Mume wangu ameninunia, majani ninayapanga hovyo. Lakini nilikuwa naona aibu kukuacha wewe peke yako."

"Mimi nilikuwa naona aibu kuwaacha ninyi," alisema Limbu.

Niliwasikiliza nikataka kutupa kitochi kichakani. Miezi yote ile, mizinga kumi na mmoja, uso umevimba, shati limechanika, na walikuwa wanangojeana.

*

Mwezi wa kumi na mbili ulipofika nilidhani tumemaliza. Lakini mtu mmoja alikuwa amemwona Limbu siku ile ya uvimbe akitoka bondeni mbio, akauliza, akaunganisha, na habari ikamfikia mwenyekiti kwamba Limbu ameficha simu juu ya mti.

Mama Veneranda alikuja kambini mwenyewe, jambo ambalo hulifanya mara chache kwa sababu ya magoti. Alisimama mbele ya watu wote.

"Limbu, simu yako iko wapi?"

"Juu ya mti."

Watu waliguna. Mzee Mhoja alipiga kofi pajani. "Anasema bila aibu! Kamba ichukuliwe!"

"Nilikwambia nini mwezi wa saba?" aliuliza Mama Veneranda, akanyoosha mkono kuipokea kamba. Limbu aliivua begani. Alianza kumpa. Maneno yake tisa ya siku hiyo nadhani yalikuwa yameisha, au aliona amestahili.

Nilingoja mtu mwingine aseme. Hakuwepo mwingine aliyejua.

"Mama Mwenyekiti," nilisema. Wote wakageuka, na masikio yangu yakawaka moto. "Imo kwenye mzinga. Imo na nyuki. Nyuki ni wengi. Alipanda kuitoa, akawaona wamejenga juu yake, akaiacha. Mimi nilikuwepo. Tangu mwezi wa tisa haijashikwa."

"Imo na nyuki?"

"Alipaka nta."

Kikundi kizima kikacheka mpaka ndege wakaruka. Anayejua kazi yetu hahitaji kuelezwa. Mzee Mhoja ilibidi ashike mti.

Mama Veneranda hakucheka, ila alirudisha mkono. "Twende tukafungue. Nikikuta mzinga hauna kitu, kamba naondoka nayo."

Tulikwenda wote. Limbu alipanda na kienge na kisu. Nilisimama chini na ndoo, mahali pangu pa siku zote. Tukangoja. Muda wa sigara moja na nusu ukapita. Ikapita ya pili. Juu kimya. Watu walianza kutazamana, na mzee Mhoja akanong'ona, "Amewasha." Mama Veneranda alikuwa anatazama kamba tu, inayoning'inia pale bila kutikisika. Nilihamisha ndoo toka mkono huu mpaka mkono ule. Nilikuwa nimesema mbele ya watu kumi na saba, mara moja katika maisha yangu, na sasa yule mtu ananifanyia hivi.

"Anton, mwite shemeji yako," alisema Mama Veneranda.

Kabla sijafungua mdomo sauti ikatoka juu, kali, ya amri.

"Anton! Kushoto!"

Hakuna aliyekimbia. Nilisogea kushoto hatua moja.

"Tena! Ndoo mbele! Mzee Mhoja, legeza! Legeza, nimesema, usivute!"

Mzee Mhoja alilegeza, mdomo wazi. Chombo kilishuka taratibu, kimejaa masega meupe mapya, na katikati yake kulikuwa na kipande kimoja kilichokatwa mraba kwa uangalifu, ndani yake simu imefunikwa na nta ya kahawia kila upande. Hilo ndilo lililomchelewesha. Alikuwa anakata pembeni pembeni ili asiguse sega lenye watoto.

Mama Veneranda alikitoa kile kipande akakigeuza. Alikwangua kwa ukucha. Kioo kilikuwa kimeingiwa na asali kikawa kama dirisha la moshi.

"Inawaka?" mzee Mhoja aliuliza.

"Jaribu wewe," alimwambia, akamkabidhi. Mzee Mhoja alibonyeza, akabonyeza, kisha akalamba kidole.

Limbu aliposhuka, Mama Veneranda aliokota kamba iliyokuwa imeanguka majanini, akaikunja mkunjo kwa mkunjo, akamtundikia begani mwenyewe. "Picha za mnunuzi zitapigwa na mwingine," alisema. Akaondoka na magoti yake.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mizinga saba kati ya ile kumi na mmoja imepata nyuki tena. Limbu hana simu ya kupangusa, na akiiona ya mtu bado anaikodolea macho kama mlevi anavyotazama chupa ya mwenzake, kisha anaondoka. Dada yangu anasema anamwamini siku moja moja, mpaka jioni.

Lakini ule ujemedari haukutoka. Mtu aliyekuwa na maneno tisa kwa siku sasa akishafika juu hanyamazi. Anton kushoto, Anton nyuma, ndoo iko wapi, nani amesimama upande wa upepo, mzee Mhoja acha sigara. Anatupanga chini ya mti kama askari wake. Na ubaya ni kwamba ndoo hazimwagiki tena, na hakuna aliyeumwa vibaya msimu huu mzima, kwa hiyo hatuna la kumwambia. Jana nilikuwa chini ya mninga ule ule tangu saa kumi na mbili asubuhi, shingo inauma, ananiamrisha nisogee kulia. Nikasogea.